Nimeokoka, skwadi yangu haijaokoka: nifute gemu au nibaki?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nina miaka 23, naishi Tabata, niliokoka mwezi wa tatu mwaka huu. Kwa karibu miaka miwili nacheza PUBG Mobile, gemu ya bunduki ya kwenye simu, usiku na skwadi moja: mmoja yuko Mbagala, mmoja Tanga, mmoja Mombasa. Wawili wa huku kwetu ni Waislamu, yule wa Mombasa anasema haamini chochote. Wiki chache zilizopita wa Tanga aliniuliza kwenye maiki, "Mbona siku hizi hutukani?" Nikamwambia nimeokoka, nikaanza kuwahubiria palepale katikati ya mechi. Wakanizima sauti. Kesho yake nikakuta nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp. Kiongozi wetu wa maombi anasema gemu hii ina mapepo, niifute. Rafiki mwingine wa kanisani anasema hilo ni shamba la mavuno, nikomae. Nimsikilize nani?

Jibu: Bwana Yesu asifiwe sana, mdogo wangu. Naanza na rafiki yako wa Tanga, maana katika barua yako yote yeye ndiye uliyempita haraka kuliko wengine. Kijana huyo alikuwa ameshakusikiliza ukihubiri wiki kadhaa kabla hujafungua mdomo. Unapigwa risasi ya mgongoni kwa sababu mwenzako aliyetakiwa kulinda mlango amezubaa, na kwenye maiki halitoki tusi. Yeye anajua kilichokuwa kinatoka zamani. Kwa miaka miwili aliyazoea matusi yako kama mtu anavyozoea mlio wa jenereta la jirani. Siku jenereta lilipozimika akashtuka, akauliza kulikoni.

Natamani wazee wetu wa kanisa walielewe hili. Ziko sehemu chache sana ambapo mtu husikika alivyo kama kwenye maiki ya skwadi saa sita usiku. Kanisani tunakuja tumejiandaa. Tumevaa vizuri, sauti tumeipanga, na "Bwana asifiwe" tunaitoa hata kama tumetoka kugombana na kondakta kwenye foleni ya Ubungo. Kwenye mechi nafasi hiyo ya kujipanga haipo, neno linatoka kabla hujalifikiri. Yakobo anauita ulimi moto, tena anasema hakuna mwanadamu awezaye kuufuga. Mtu akibadilika ulimi akiwa mle ndani, wenzake wanakuwa mashahidi ambao hakuna mchungaji aliyewapanga.

Sasa lisome upya lile neno la Petro ambalo bila shaka umeshafundishwa: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu; lakini kwa upole na kwa hofu." Angalia mpangilio wake. Kwanza kuna tumaini linaloonekana, ndipo mtu anauliza, ndipo wewe unajibu, tena unamjibu yeye aliyeuliza. Kwako hatua mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko unavyodhani. Ulikosea ya tatu. Aliuliza mmoja, ukawajibu watatu. Aliuliza kwa sentensi moja, ukamjibu kama mtu aliyepewa jukwaa la Jangwani.

Tena ulimjibu wakati gani? Nieleze kidogo kwa wasomaji wasiocheza. Katika mechi ya kawaida ya PUBG Mobile watu wapatao 100 wanashushwa na ndege kwenye kisiwa, mikono mitupu. Wanaokota silaha, dawa na vazi la kujikinga, huku duara la usalama likizidi kubana hadi ibaki skwadi moja. Mechi ikifika mwisho inachukua kama nusu saa. Aliyecheza anajua kwamba nusu saa hiyo ina saa za maneno na saa za kimya. Kwenye ndege na wakati wa kuokota vitu watu wanapiga soga: mtihani, kazi, mama anaumwa, umeme umekatika. Duara likishabana, anayeongea lolote lisilohusu adui anawauza wenzake, kwa sababu hatua za adui zinasikika kwa masikio. Wewe ulihubiri wakati masikio yao yote yanatafuta nyayo. Sikubaliani na wanaosema waliikataa Injili pale. Walikuzima sauti ili wasife, na hata mimi ningekuzima.

Upo wakati wa tatu, nao ndio naupenda. Mmoja wenu akishakufa mapema, anabaki anatazama wenzake wanavyocheza, au anarudi lobi, ule ukumbi wa kusubiria mechi, anawangoja. Huyo hana kazi. Mikono yake imepumzika na usiku umekwenda. Maongezi ya maana ninayoyajua mimi kutoka kwa vijana ninaowalea yalianzia hapo: kijana mmoja anamwambia mwenzake ambaye hajawahi kumwona uso kwamba ameachishwa kazi na nyumbani bado hajasema. Skwadi ikimaliza, wawili wanabaki. Ukiwa mtu wa kubaki dakika kumi baada ya mechi bila kukimbilia mechi nyingine, utasikia mambo ambayo mchungaji hayasikii ofisini.

Mimi mwenyewe kosa lako nimelifanya, kwa sura nyingine. Miaka ya nyuma nilikuwa napita kwenye vibanda vya PlayStation mitaa ya Temeke na wenzangu wa idara ya uinjilisti. Tunaingia, tunaomba mwenye kibanda apunguze sauti, tunahubiri. Siku moja mtoto wa kama miaka kumi na mitano, mwenye heshima kabisa, akaniambia, "Mchungaji, dakika zangu zinaisha." Alikuwa amelipia dakika zile kwa hela aliyoitafuta, nami nilikuwa nazila huku nikimweleza habari za upendo wa Mungu. Nililala vibaya usiku ule. Tangu hapo nimekuwa mgumu sana kuhusu kuhubiri juu ya wakati wa mtu mwingine bila ridhaa yake. Ndiyo sababu pia sifurahii sana mahubiri ya kwenye daladala, ingawa najua wako waliookoka humo na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Abiria wa Mbagala hawezi kushuka katikati ya barabara ya Kilwa. Wa kwenye gemu anashuka kwa kugusa kioo mara moja, na akishashuka hakuna kituo cha mbele utakachompatia.

Kwa hiyo, je, ni shamba? Ni shamba. Rafiki yako wa kanisani hajakosea hapo. Wanaosema wale si watu halisi, ni picha tu, ningependa wamjue Mats Steen wa Norway. Alizaliwa 1989 na ugonjwa wa kudhoofika misuli, akawa anacheza gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft kwa saa nyingi kila siku akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wazazi wake waliamini ameishi maisha ya upweke. Alipofariki 2014, akiwa na miaka 25, baba yake aliandika taarifa ya msiba kwenye blogu ya kijana, na barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Watu waliokuwa wakicheza naye walieleza jinsi alivyowafariji, alivyowashauri kuhusu ndoa na watoto wao. Baadhi walisafiri hadi kwenye mazishi. Steen simtaji kama mhubiri, hakuwa mmoja. Namtaja kwa sababu wazazi wake, watu wema kabisa, walikuwa nyumba moja naye na hawakuona kwamba ana kijiji kizima ndani ya gemu. Kanisa nalo linaweza kukaa na vijana wake hivyohivyo.

Wala wewe si wa kwanza kuingia huko na Injili. Mwaka 2004, Wamethodisti wa Uingereza walidhamini Church of Fools, kanisa la mtandaoni lenye mabenchi na mimbari ambapo kila aliyeingia alikuwa na kikaragosi chake. Askofu wa London ndiye aliyetoa mahubiri ya ufunguzi. Haikuchukua siku nyingi, wahuni wakaanza kupanda mimbarini na kutukana, ikabidi wawekwe wazee wa zamu wenye uwezo wa kumtoa mtu. Marekani, mchungaji Matt Souza alianzisha GodSquad Church, inayokutana na wachezaji kupitia Twitch, mtandao wa kurusha magemu mubashara. Wengine walijenga makanisa ndani ya AltspaceVR, ulimwengu wa kompyuta unaouingia kwa kuvaa miwani maalumu. Machi 2023 Microsoft ikaufunga, na majengo yale yote yakayeyuka siku moja. Kwangu mimi hilo la mwisho lina uzito. Gemu ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaweza kubadili masharti au kufunga kabisa, kwa hiyo usiweke imani ya mtu pale pekee. Akianza kuuliza kwa dhati, mpeleke kwa watu wenye miili: kanisa la jirani na anapoishi, familia ya waamini, mtu atakayemtembelea akiugua.

Mfano ninaoushika mwenyewe ni wa Paulo Korintho. Alikaa mwaka mmoja na miezi sita, akawa anashona mahema pamoja na Akila na Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Mimi naamini aliyekuja kuagiza hema aliondoka na hema zuri. Wewe hema lako ni mchezo wenyewe. Skwadi yako ilikualika ucheze. Cheza vizuri, fika muda mliopatana, gawa risasi ulizookota, mwinue aliyeangushwa hata kama wewe unaweza kufa, usimlaumu aliyekosea mbele ya wengine. Mwenzako akisema "samahani, nilizubaa", jibu lako la sekunde mbili linasikika kuliko aya kumi.

Hapa niseme neno kuhusu majina. Vijana wengi wakiokoka wanabadilisha jina la akaunti, wanaweka jina la Yesu mbele. Nia ni njema. Lakini ukishaliweka, kila hasira yako inasainiwa kwa jina hilo. Mimi ningesubiri.

Wenzako wawili ni Waislamu, na hili nalisema nikiwa mtu wa Dar niliyekulia uani kwa watu wa dini zote mbili, tukila pilau ya Idi na ya Krismasi kwenye sinia moja. Maiki ya skwadi usiigeuze mihadhara. Wa rika langu tunaikumbuka: viwanja vinajaa, huyu na Biblia, huyu na Kurani, watu wanashangilia kama mechi ya Simba na Yanga, na wakiondoka kila mmoja ana hasira zaidi na jirani yake. Katiba yetu, ibara ya 19, inaruhusu kutangaza na kueneza dini, na hapohapo inasema ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kumtukana mtu kwa sababu ya dini yake, na lobi ya gemu nayo ni mtandao. Lakini kabla ya sheria kuna adabu. Ramadhani ikiingia, waulize muda wa futari na tarawehe ndipo mpange mechi. Wakisema jambo la imani yao, wasikilize hadi mwisho. Kaulize, "Wewe unaswali vipi ukiwa na zamu ya usiku?" Ukitaka mtu aheshimu tumaini lako, heshimu kwanza lile alilolelewa nalo, bila kuficha la kwako.

Yule wa Mombasa mwache kwa sasa. Asiyeamini chochote mara nyingi ana jeraha alilolipata mahali fulani kwa watu wanaofanana na sisi. Atakuambia siku akitaka.

Liko jambo moja ambalo hukuliuliza, na siwezi kumaliza bila kulisema kwa ukali. Kwenye magemu haya kuna watoto wengi. Ukichanganywa na skwadi ya watu usiowajua, sauti ya mtoto utaitambua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Huyo usimtoe kwenye mazungumzo ya wote kumpeleka faragha, usimwombe namba, picha wala anapoishi, usimtumie zawadi ya nguo za mhusika wala UC, ile fedha ya ndani ya gemu, hata kama nia yako ni kumwombea. Hizo ndizo njia wanazopita watu waovu wanaowawinda watoto mtandaoni: urafiki, zawadi, siri, kisha faragha. Mtoto akishazoezwa kwamba mtu mzima mwema humtafuta faragha kwa jina la Mungu, tumemfungulia mlango mtu mwingine. Akikuambia ana shida nyumbani, au kuna mtu anamsumbua, mpe namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Mwambie amweleze mzazi au mwalimu anayemwamini, na wewe mweleze mchungaji wako siku hiyohiyo. Jambo hili usilibebe peke yako.

Na fedha: zisitajwe kabisa. Wala sadaka, wala mbegu, wala mchango wa mkutano, wala "tuma na ya kutolea". Watu wamechoshwa, nao wana haki ya kuchoka. Ukimtajia fedha mara moja tu, kila wema uliomtendea miaka miwili utaonekana ulikuwa chambo.

Sasa nirudi kwa kiongozi wako wa maombi. Usimdharau. Anakupenda, na ameona vijana waliomezwa. Mimi siwezi kukuambia kwamba kila gemu ya bunduki ni dhambi kwa kila mtu. Ninaiweka pamoja na mambo ya Warumi 14, ambapo kila mmoja anatakiwa athibitike katika akili zake mwenyewe, na ambapo chochote kisichotoka katika imani ni dhambi kwa yule anayekifanya. Dhamiri yako ikikuchoma kila unapofyatua risasi, acha, wala usitumie uinjilisti kama kisingizio cha kubaki. Hicho ndicho ninachokihofia kwako zaidi ya mapepo. Mtu anaweza kupenda kitu kuliko Mungu, kisha akakipa jina la huduma.

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa magemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ICD-11 iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zinazotajwa ni tatu: kushindwa kujizuia, gemu kupewa nafasi ya mbele kuliko mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yakionekana wazi. Kwa kawaida huangaliwa kwa kipindi cha miezi 12. Jiulize kwa lugha ya Tabata: je, umewahi kununua bando ukalala njaa? Umechelewa kazini mara ngapi mwezi huu? Mama akikuita katikati ya mechi, unamjibu kwa sauti gani? Hilo la mama lipime kwa uangalifu, maana mtu anaweza kuwa mpole kwa skwadi na mkali kwa waliomzaa.

Ushauri wangu ni kwamba upumzike wiki mbili kamili. Usiifute, iache tu kwenye simu bila kuigusa, na umwambie kiongozi wako unafanya hivyo, akuombee. Ukiweza kwa amani, utajua wewe ndiye mwenye simu. Usipoweza, basi amesema kweli kuliko alivyojua, na tutazungumza habari za kuacha kabisa. Ukirudi, weka saa ya kumaliza, na usiku wa kuamkia Jumapili usicheze.

Ila rafiki yako wa Tanga asingoje wiki mbili. Mwandikie leo, yeye peke yake, maneno kama haya: "Kaka, siku ile uliniuliza swali zuri nikakujibu vibaya, nikawaharibia mechi. Niwieni radhi. Matusi nimeyaacha kwa sababu ya Yesu. Siku ukitaka kujua zaidi, niulize. Usipotaka, sisi ni washkaji vilevile." Usiambatishe mstari wa Biblia wala video ya mahubiri. Asipojibu, usitume wa pili. Akijibu kwa kukuita mechini kabla muda wako haujaisha, mwambie umepumzika na umtajie tarehe ya kurudi. Ikifika tarehe hiyo, ingia, na zamu hii mlango uulinde wewe.